Siku tatu mezani si majaribio

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine wenu mmeniuliza kama nimechoka kuandika. La, sijachoka. Kuna jambo ambalo nimekuwa nikilizungusha kichwani, na kwa kuwa linahusu kosa langu mwenyewe, nilitaka kwanza nipate ujasiri wa kuliandika bila kujipendelea. Leo nimeupata.

Jambo lenyewe ni hili: sisi watengenezaji wa programu na vifaa hapa kwetu hatupimi kazi zetu. Tunazionyesha tu. Tunawasha kifaa, kinawaka, mteja anatabasamu, tunapeana mikono, basi. Halafu hayo tunayaita majaribio. Mimi nasema si majaribio, na shahidi wangu ni lita 800 za maziwa zilizomwagwa.

Mwaka juzi mimi na rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu tulitengeneza kifaa kidogo cha kulinda maziwa. Kuna chama cha wafugaji upande wa Nyandarua ambacho kina tangi la kupozea. Maziwa ya jioni hulala humo mpaka lori lije asubuhi. Yanatakiwa yashuke hadi nyuzi 4 hivi na yakae hapo. Mtambo wa kupoza usipofanya kazi usiku bila mtu kujua, asubuhi huna maziwa, una hasara. Kifaa chetu kilikuwa na kipimajoto ndani ya tangi, tarakilishi ndogo ya bei nafuu na laini ya simu. Joto likikaa juu ya nyuzi 8 kupita muda wa kawaida wa kupoa, kifaa kilimtumia arafa mlinzi pamoja na karani. Ili wasisumbuliwe kila dakika, niliandika kwamba arafa moja ikishatoka, nyingine isitoke mpaka saa moja ipite. Hiyo saa moja muikumbuke, tutairudia.

Tulikijaribu chumbani kwangu Rongai kwa siku 3. Tulitia kipimajoto kwenye maji baridi, tukakitia kwenye maji ya uvuguvugu, arafa zikaingia. Stima ilipotea mara mbili, kifaa kikazimika, stima iliporudi kikawaka chenyewe na kuendelea na kazi. Hatukuona hitilafu hata moja. Kisha tukaona tukiboreshe zaidi, tukakiwekea betri ili kisizimike tena stima inapopotea. Tulijisifu sana kwa betri hiyo!

Kwa wiki saba mambo yalikwenda vizuri. Siku ya 41 mtu fulani aliosha tangi akasahau kuwasha mtambo. Maziwa yalipotiwa jioni na yasipoe, arafa ikatoka, mlinzi akakimbia kuuwasha. Mwenyekiti wa chama alitupigia simu kutushukuru.

Usiku wa siku ya 52, maziwa yakiwa bado na joto, stima ilipotea kwa dakika chache ikarudi. Taa zikawaka, lakini swichi ya mtambo wa kupoza ilikuwa imejizima na haikurudi. Mlinzi aliona taa, akajua mambo ni shwari. Kifaa chetu kilikuwa macho. Kilipima joto kwa uaminifu na kuliandika kwenye kumbukumbu yake kila dakika: 23, 23, 22, 22. Taa yake ya kijani iliendelea kupepesa. Lakini arafa haikutoka hata moja mpaka kukapambazuka. Karani wa lori alipochukua sampuli na kuichanganya na alkoholi, maziwa yaliganda papo hapo. Yote yakakataliwa.

Tulipanda gari siku hiyo hiyo. Njiani rafiki yangu alinong'ona, "Tuseme ni mtandao." Sitadanganya, nilivutiwa na wazo hilo. Ni nani hapa Kenya ambaye hangeamini kwamba arafa imekwama kwa sababu ya mtandao? Tungelaumu kampuni ya simu, wazee wangetikisa vichwa, na sisi tungerudi Nairobi tukiwa wasafi. Lakini tulipofika, mwenyekiti hakutuuliza kosa ni la nani. Alituuliza hivi: "Vijana wangu, hiki chenu kikinyamaza, mimi nitajuaje kama maziwa ni salama au ni chenyewe kimelala?"

Sikuwa na jibu. Na hata leo naona hilo ndilo swali bora la uhandisi ambalo nimewahi kuulizwa, likiwemo lolote la mtihani.

Nilikichukua kifaa nikakaa nacho siku mbili. Kosa nililipata katika ile saa moja. Tarakilishi ndogo za aina hii haziijui tarehe. Zinahesabu tu milisekunde tangu ziwashwe, na hesabu hiyo huwekwa kwenye namba ya biti 32. Namba kubwa kabisa inayoenea humo ni 4,294,967,295. Ikishafika hapo inarudi sufuri, kama ile mita ya kilomita kwenye gari kuukuu, ikitoka 99999 inaanza 00000. Piga hesabu: milisekunde hizo ni siku 49, saa 17 na dakika chache. Mimi niliandika, "chukua wakati wa arafa ya mwisho, ongeza saa moja, na kama wakati wa sasa umepita hapo, tuma." Arafa ya mwisho ilikuwa ya siku ya 41. Siku ya 49 kihesabu kikarudi sufuri. Siku ya 52 kifaa kilijiona kina umri wa siku mbili na kitu, kikajilinganisha na siku ya 41, kikaamua kwamba saa moja haijapita. Kingengoja siku nyingine 38 na zaidi kabla ya kufungua mdomo.

Dawa yake ni mstari mmoja. Badala ya kujumlisha, unatoa: wakati wa sasa toa wakati wa arafa ya mwisho. Kutoa kunavuka sufuri bila matatizo, kama vile wewe unavyojua kwamba kutoka saa kumi na moja mpaka saa mbili ni saa tatu, ingawa mbili ni ndogo kuliko kumi na moja.

Sasa tazama vile ambavyo majaribio yetu yalituficha ukweli. Kwanza, siku 3 haziwezi kuonyesha hitilafu ya siku 49. Hilo ni wazi. Pili, na hili ndilo lililoniuma, kabla ya betri kosa hili lisingeonekana kamwe, kwa sababu huko stima hupotea mara kwa mara na kila ikipotea kihesabu kingeanza upya. Tuliponunua betri ili kifaa kitegemewe zaidi, tulibadilisha hali ya kazi, lakini hatukurudia kupima katika hali hiyo mpya. Matokeo ya jaribio la zamani tukayahamisha kwenye kifaa kipya kana kwamba ni kile kile.

Unaweza kusema hayo ni makosa ya vijana wawili wa Rongai. Basi sikiliza. Windows 95 na Windows 98 zilikuwa na hitilafu ya aina hii hii, yaani milisekunde katika biti 32. Tarakilishi iliyoachwa ikiwaka siku 49.7 mfululizo ilikwama. Marekebisho yalitolewa mwaka 1999, miaka minne hivi baada ya Windows 95 kuanza kuuzwa duniani kote. Watu walitania kwamba haikugunduliwa mapema kwa kuwa hakukuwa na Windows 95 iliyoweza kukaa siku 49 bila kukwama kwa sababu nyingine.

Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme wote kila baada ya muda fulani. Sababu? Vidhibiti vya jenereta zake, vikikaa na umeme siku 248 mfululizo, vingeweza kujizima vyote kwa pamoja, hata ndege ikiwa angani. Ukichukua namba ya biti 31 na kuhesabu sehemu za mia za sekunde, unapata siku 248 na nusu. Tofauti na sisi ni kwamba hitilafu hiyo Boeing waliiona maabara, wakati wa kupima, kabla ya ndege yoyote kupatwa na balaa. Hiyo ndiyo faida ya kupima kwa muda mrefu.

Na wapo waliochelewa. Usiku wa Februari 25, 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraki liliangukia kambi ya wanajeshi wa Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia, likaua watu 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukilinda eneo hilo haukulirushia hata kombora moja. Ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 bila kuzimwa. Saa ya ndani ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, kisha programu ikazidisha kwa 0.1 ili kupata sekunde. Shida ni kwamba 0.1 haina mwisho katika namba za tarakilishi, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho katika desimali. Namba ilikatwa ili ienee kwenye biti 24. Kipande kilichokatwa ni kidogo mno, lakini baada ya saa 100 saa ya mtambo ilikuwa imekosea kwa theluthi moja hivi ya sekunde. Scud inakwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde. Rada ikatazama sehemu ya anga ambako kombora halikuwako.

Je, mtambo huo haukupimwa? Ulipimwa. Lakini ulibuniwa kuwa wa kuhamahama, wa kufanya kazi saa chache mahali pamoja kisha kuondoka, kwa hiyo hakuna aliyewaza saa 100. Waisraeli ndio waliogundua kwamba baada ya saa 8 tu usahihi ulikuwa umeanza kupotea, wakawaarifu Wamarekani. Mnamo Februari 21 watumiaji walitumiwa ujumbe kwamba kuuwasha mtambo kwa "muda mrefu sana" kunaweza kuleta matatizo. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Ujumbe haukusema. Kuuzima na kuuwasha upya kungeondoa kosa lote. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya maafa. Haya yote yamo katika ripoti ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ya mwaka 1992.

Mimi kila nikiyafikiria maneno hayo, "muda mrefu sana", najiuliza ni mara ngapi nami nimeandika mambo kama hayo kwenye maelezo ya kazi zangu. "Kifaa kimejaribiwa vya kutosha." Vya kutosha ni vingapi?

Kuna hesabu moja rahisi ambayo kila mtengenezaji angefaa kuibandika ukutani. Ukijaribu kitu mara kadhaa na kisishindwe hata mara moja, chukua 3 ugawanye kwa idadi ya majaribio. Hicho ndicho kiwango cha kushindwa ambacho bado kinawezekana, kwa uhakika wa asilimia 95. Umejaribu mara 100, zote safi? Huenda bado kinashindwa mara 3 katika kila 100. Kwa muda ni vile vile. Siku zangu 3 bila hitilafu ziliniruhusu kudai, kwa uhakika huo, kwamba kifaa kitakaa wastani wa siku 1 bila kuharibika. Siku moja! Na mimi nilikuwa nimewaambia wazee kwamba kitawafaa miaka mitano.

Tena hata hesabu hiyo ni ya ukarimu, kwa maana inachukulia kwamba hatari ni ile ile kila siku. Kosa langu halikuwa hivyo. Lilikuwa limejificha likingoja tarehe yake. Vifaa vinavyochakaa navyo hatari yao hupanda kadiri vinavyozeeka. Ndiyo maana napenda kuwaonya wanaonunua diski za tarakilishi kwa kusoma karatasi ya kiwanda. Imeandikwa kwamba wastani wa kukaa bila kuharibika ni saa 1,000,000, nawe unapiga hesabu unapata miaka 114 unafurahi. Namba kama hizo hazipatikani kwa kungoja miaka 114. Unachukua diski nyingi mpya, unazikimbiza kwa muda mfupi, unajumlisha saa zake zote na kugawanya kwa zilizokufa. Ni kama kuchukua vijana 1,000 wa miaka 25, kuwatazama kwa mwaka mmoja, akafa mmoja, ukatangaza kwamba binadamu huishi miaka 1,000! Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Bianca Schroeder na Garth Gibson, walichunguza rekodi za diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini. Karatasi za viwanda ziliahidi kwamba zisizozidi asilimia 0.88 zingebadilishwa kwa mwaka. Wao walikuta asilimia 2 hadi 4 ni jambo la kawaida, na mahali pengine ilifika 13. Kiwanda hakikusema uongo. Kilipima kitu kingine tofauti na kile ambacho mnunuzi alitaka kujua.

Najua mtakachoniambia. "Ndugu, sisi ni wachanga, pesa hatuna, mteja anataka kazi Ijumaa, nani atangoje siku 49?" Nawaelewa, mimi ni mmoja wenu. Na mashindano ya ubunifu nayo yanatuharibu, kwa kuwa unapewa dakika 5 jukwaani na anayeshinda ni mwenye taa nyingi. Lakini si kila jaribio refu linahitaji muda mrefu. Watu wa Linux wana ujanja ambao naupenda: kihesabu cha muda ndani ya kiini cha Linux hakianzi na sufuri. Kinaanza na namba ambayo kwa biti 32 imebakiza dakika 5 tu kabla ya kujaa na kurudi mwanzo. Kwa hiyo mwenye kosa kama langu ataliona dakika ya tano akiwa bado mezani, hatangoja lifike kwa mteja. Ningefanya hivyo, maziwa yale yangeuzwa. Gharama yake ni mstari mmoja wa programu.

La pili ni jibu la swali la mwenyekiti. Kifaa kinachosema wakati wa shida tu kina kasoro kubwa: ukimya wake una maana mbili, na huwezi kuzitofautisha. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Siku hizi kifaa changu hutuma arafa kila jioni saa kumi na mbili, shida iwepo isiwepo: joto ni hili, betri iko hivi, nina siku kadhaa tangu niwashwe. Tena arafa hiyo inapita katika njia ile ile ya programu inayotuma tahadhari, si njia ya pembeni, maana ile taa ya kijani ilipita pembeni na ndiyo iliyotudanganya. Jioni ambayo arafa haikuja, karani anajua kuna tatizo hata kabla maziwa hayajatiwa.

La tatu halihitaji ufundi wowote. Kila kazi ninayokabidhi sasa ina karatasi moja: nilipima kwa siku ngapi, katika hali gani, na mambo gani sikuyapima. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuandika, na ndiyo yenye manufaa. Mteja mmoja aliiona akaenda kwa mtu mwingine ambaye karatasi yake haikuwa na sehemu kama hiyo. Iliniuma, lakini sijaiondoa.

Nawe unayenunua, iwe ni programu ya shule, mita ya maji au mashine ya zahanati, usiridhike kuonyeshwa kitu kikifanya kazi. Muulize aliyekitengeneza: kimewahi kukaa kikifanya kazi kwa muda gani bila kuzimwa? Akikujibu "muda mrefu", mwambie akupe namba.

Wale wazee tuliwaambia ukweli. Tuliwaeleza kihesabu kwa kutumia ile mita ya gari, wakaelewa upesi kuliko nilivyotarajia. Malipo yaliyobaki hatukuyadai. Hayakufidia lita 800, na kuna mama mmoja ambaye maziwa yake ya jioni hiyo yalikuwa ya karo, hilo silisahau. Kifaa kilichorekebishwa kiko kwenye tangi lile lile leo, na siku ya 49 ilipofika nilikuwa pale nimekaa kwenye debe, mwenyekiti kando yangu, tukingoja. Saa kumi na mbili jioni arafa iliingia. Aliisoma, akaniambia, "Sawa. Tungoje na kesho."

Wewe unaonaje? Kazi yako uliipima kwa siku ngapi? Tuonane tena.